Jina la Pikipiki na Haki ya Mwanachama: Kisa cha Steji Moja ya Kondele

Kisa hiki kinahusu chama cha wahudumu wa bodaboda katika steji moja (kituo cha kusubiria abiria) ya Kondele, jijini Kisumu. Chama kina wanachama 27, kina daftari la akiba na mfuko wa dharura, na kinaongozwa na mwenyekiti aliyeanza kazi hii enzi za baiskeli. Niliitwa kama mtu wa nje, kwa kuwa niliwahi kuwasaidia kupanga hesabu za mfuko wao, ili niwasikilize wahusika na kuandika maoni kabla ya mkutano wa wanachama wote. Majina ya watu, ya steji na ya kampuni ya mikopo nimeyaacha kwa makusudi. Nilikabidhiwa swali moja: je, chama kina wajibu wowote kwa mwanachama kijana ambaye pikipiki yake ilichukuliwa na mkopeshaji baada ya kuchelewesha malipo ya majuma matatu? Kwa maoni yangu kina wajibu, na chanzo chake ni mambo yaliyotendeka pale steji miezi kadhaa kabla ya mkopo huo kuchukuliwa.

Kijana huyo ni mzaliwa wa Luanda, Kaunti ya Vihiga. Alifika Kondele na pikipiki kuukuu ya Kichina, ya chapa isiyojulikana sana, aliyouziwa na mjomba wake kwa shilingi 45,000, na akailipa yote mkononi kwa pesa alizoweka akiba kutoka kazi za mjengo. Breki zilishika, taa ziliwaka, bima ilikuwa hai na leseni alikuwa nayo. Alilipa kiingilio cha chama kama wengine na akapewa namba. Hata hivyo, tangu mwanzo aliwekwa mwisho wa foleni kila asubuhi, hata alipowahi kufika kabla ya wenzake, na abiria aliyemkaribia aliitwa na wengine aje kwenye "pikipiki ya maana". Pikipiki yake ilipewa jina la mkebe. Alipokwenda kulalamika, mwenyekiti alimjibu, na maneno haya hakuna aliyeyakana kikaoni: "Kijana, steji hii ina jina. Tafuta Boxer ndipo uje tuzungumze mambo ya foleni."

Ni lazima nieleze ngazi za heshima katika steji hii, kwa sababu bila kuzielewa mtu atadhani kijana alichukiwa yeye binafsi. Juu kabisa wako wenye Bajaj Boxer ya 150 (namba hiyo ni ukubwa wa injini), nao ni wengi. Boxer ya 100 huhesabiwa kuwa ya kusambazia mkate. Wenye TVS HLX wanaheshimiwa kidogo, ingawa huambiwa mara kwa mara kwamba pikipiki zao zinachoka zikielekea Riat au zikipanda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa zikiwa na mzigo. Yuko mzee mmoja mwenye Honda ambaye hajibizani na mtu, kwa kuwa anaamini wote waliobaki wananunua nakala ya kile alichonacho yeye. Chini ya hao wote ziko zinazoitwa za Kichina, na hapo jina lililobandikwa kwenye tangi halitazamwi hata kidogo. Wanachama wengine wawili wenye pikipiki za Kichina hubeba zaidi magunia ya soko la Kibuye, wala hawagombanii foleni ya abiria, kwa hiyo dharau haikuwahi kuwafikisha kwenye ugomvi.

Nilianza na madai ya kiufundi, kwa sababu dharau yote ilisemwa kwa lugha ya ufundi. Iliaminika kwamba injini ya mkebe "ni ya maji", yaani dhaifu. Nilimwendea fundi wa nyuma ya Kibuye ambaye aliwahi kuifungua injini hiyo na ambaye hutengeneza pikipiki za karibu steji nzima. Alinieleza kwa utulivu kwamba ndani yake alikuta vijiti viwili virefu vinavyosukuma valvu kutoka chini, na si cheni ya juu kama ya Boxer. Mpangilio huo ni wa Honda CG125, pikipiki iliyotolewa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako wahandisi wa Honda waliona wateja wakibebesha mizigo kupita kiasi, wakichelewa kubadilisha oili na wakipita kwenye vumbi na matope. Waliamua kutumia vijiti kwa sababu havihitaji uangalizi mwingi, na fundi mwenye vifaa vichache anaweza kuvishughulikia. Viwanda vya China viliunakili muundo huo kwa wingi, na hadi leo pikipiki nyingi zenye majina tofauti kwenye tangi zina injini za ukoo huo mmoja.

Jambo hili halikujulikana na yeyote katika steji, hata mzee wa Honda. Wala haikujulikana kwamba Bajaj ilijifunza utengenezaji wa pikipiki ikishirikiana na Kawasaki, kwamba TVS ilikuwa na ubia na Suzuki hadi mwaka 2001, au kwamba Hero, ambayo nayo ina wapenzi wake huku magharibi, ilikuwa Hero Honda tangu 1984 hadi ubia ulipovunjika na jina likawa Hero MotoCorp mwaka 2011. Ukizifuatilia nasaba za pikipiki zote zilizoegeshwa pale Kondele, utafika Japani kwa njia moja au nyingine. Hata ile tofauti ya "mia na hamsini" dhidi ya "mia na ishirini na tano" inayotajwa kwa sauti kubwa haifiki ishirini na tano: Boxer inayoitwa 150 ina ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 144.8, na HLX ya 125 ina takriban cc 124.5. Tofauti ipo, na mlimani huhisiwa, lakini haitoshi kumpanga binadamu juu ya mwenzake.

Singependa msomaji afikiri kwamba fundi aliitetea pikipiki ile kwa kila jambo, kwa maana hakufanya hivyo. "Injini haijanisumbua," aliniambia. "Kinachonisumbua ni waya, shokabu na bolti zinazokatika ukizikaza." Spoki zake zililegea haraka, rangi ilipauka, na kifuniko cha pembeni kilipovunjika hakikupatikana kingine, kwa kuwa aliyekuwa akiingiza chapa hiyo alikuwa ameacha kuileta. Huu ndio ukweli ambao wenye kudharau walikuwa nao mkononi bila kuupambanua. Kitu kinaweza kuwa rahisi kwa bei kwa sababu muundo wake umerahisishwa kwa akili, na kinaweza kuwa rahisi kwa sababu chuma chake ni laini, na pikipiki ya kijana ilikuwa na sifa zote mbili katika sehemu tofauti za mwili wake. Mtu anayesema tu "ni ya Kichina" hajui ni sehemu ipi anayoisema.

Wawindaji wa Marekani wana mabishano ya aina hii kuhusu bunduki za bei nafuu, na mfano wao unasaidia hapa. Savage 110 ilitolewa mwaka 1958, miaka minne kabla ya Remington 700 ambayo ndiyo iliyopata jina kubwa zaidi. Mtutu wa Savage hufungwa kwa nati inayoonekana kwa nje, jambo linalowezesha kiwanda kuupanga mtutu mahali pake sawasawa bila gharama kubwa. Wengi waliidharau nati hiyo kwa sura yake, wakaiona alama ya bunduki ya mtu asiye na uwezo, ilhali bunduki zenyewe zilijulikana kwa kulenga vizuri. Hapa Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wahudumu wa Kondele hawana haja na bunduki hizo. Nautaja mfano huo kwa kuwa unaonyesha wazi jinsi jicho linavyoweza kuikamata alama ya bei ndogo na kuihukumu kazi ambayo halijaipima.

Mwenyekiti naye alijitetea, na utetezi wake una uzito. Alitoa hoja tatu. Kwanza, alisema kwamba Boxer huuzika: mwenye shida ya ghafla anaweza kuipata pesa yake ndani ya siku moja, iwe Kisumu, Bondo au Mumias. Hoja hii ni ya kweli, na pikipiki ya kijana yenyewe ni ushahidi, kwani aliinunua kwa shilingi 45,000 na kabla ya mwaka kuisha akaiuza kwa 31,000, hasara ya karibu thuluthi. Pili, alisema spea za Boxer ziko kila duka. Hiyo pia ni kweli, ingawa fundi aliongeza jambo ambalo wanachama hawakupenda kulisikia: chapa inayopendwa sana ndiyo inayoghushiwa sana, na cheni, sproketi na sahani za klachi za Boxer zisizo halali anazoletewa azifunge ni nyingi kuliko za chapa nyingine yoyote. Tatu, alisema wakopeshaji wanazikubali Boxer na TVS lakini hawazitaki zile nyingine. Ni kweli, ila hii ni hoja inayomlinda mkopeshaji. Mtu aliyenunua pikipiki yake kwa pesa taslimu haimhusu.

Ningekuwa nimepewa hoja hizo tatu peke yake, ningesema kwamba upendeleo wa chapa katika steji hii una msingi mzuri. Mtu asiye na akiba benki huiweka akiba yake kwenye kitu kinachouzika, na jina linalojulikana na kila fundi humpunguzia siku za kukaa bila kazi. Mwenye kuitetea Boxer kwa sababu hizo anatetea riziki yake na nampa haki yake yote. Lakini hakuna hata hoja moja kati ya hizo inayoeleza kwa nini mwenye pikipiki nyingine awekwe mwisho wa foleni. Abiria anayekwenda Mamboleo hanunui pikipiki. Bei ya kuiuza tena haimhusu, wala mkopeshaji wake. Anachohitaji ni breki zinazoshika, helmeti safi na mtu anayeijua barabara.

Mwenyekiti alidai pia kwamba abiria wenyewe huzikwepa pikipiki za Kichina, na akatoa ushahidi uliowaridhisha wengi: kijana alipopata Boxer, mapato yake yalipanda. Niliyapitia mapato hayo pamoja na kijana, kwa kutumia ujumbe wa malipo ya simu na daftari lake dogo. Kabla, alikuwa akipata kama shilingi 1,000 kwa siku, na baada ya kubadilisha, kama 1,150. Kupanda kumetokea kweli. Lakini wiki ileile aliyoleta Boxer ndiyo wiki aliyoondolewa mwisho wa foleni na kuacha kunyang'anywa wateja. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na chama kikalisifu lile lililokifurahisha. Kwa jinsi ninavyoona, nyongeza ya shilingi 150 inaelezwa vizuri zaidi na foleni kuliko na tangi.

Sasa tuutazame mkopo. Boxer hiyo iliuzwa dukani kwa shilingi 178,000. Kijana alitoa 25,000 za kutangulia, kutokana na zile 31,000 alizouzia mkebe, na akakubali kulipa 3,290 kila juma kwa majuma 78. Ukijumlisha na zile za kutangulia, hiyo ni shilingi 281,620, yaani 103,620 zaidi ya bei ya dukani. Kwa siku moja malipo ni 470. Zamani, katika zile 1,000, petroli ilichukua 300, oili na matengenezo yakachukua wastani wa 120, naye akabaki na 580. Baadaye, katika 1,150, petroli ilichukua 330, matengenezo 60, mkopo 470, akabaki na 290. Matengenezo yalipungua kwa nusu, jambo linaloipa Boxer sifa yake halali. Lakini alichopeleka nyumbani kilipungua kwa nusu vilevile. Nilipomwonyesha hesabu hiyo hakushangaa. "Nilijua, mzee," alinijibu. "Lakini wewe hujawahi kuitwa mkebe mbele ya wateja kila asubuhi."

Mvua za Aprili zilipokuja, wateja wakapungua, kisha akaugua malaria na kulala ndani. Akakosa malipo ya majuma matatu, yaani shilingi 9,870. Mfuko wa dharura wa chama humkopesha mwanachama hadi 10,000, kwa hiyo kiasi kilitosha. Aliomba, akanyimwa, na sababu aliyopewa ndiyo iliyonifanya nione kwamba kisa hiki hakiwezi kuachwa kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Kanuni ya mfuko inataka mkopaji aweke pikipiki yake kama dhamana. Alipokuwa na ile ya Kichina, aliwahi kuuliza kuhusu mfuko akaambiwa kwamba pikipiki hiyo haina thamani ya kuwekwa dhamana. Alipokuja na Boxer akaambiwa kwamba logbuku, yaani hati ya umiliki, iko kwa mkopeshaji, kwa hiyo pikipiki si yake na haiwezi kuwekwa dhamana. Katika hali zote mbili alikuwa akilipa mchango wake kamili. Pikipiki ikachukuliwa, na pamoja nayo zikapotea zile 25,000 za kutangulia na malipo ya majuma 22 aliyokwisha kutoa, jumla ya shilingi 97,380.

Baadhi ya wanachama walisema kwa ukali kwamba hakuna aliyemshika mkono atie saini, na kwamba mtu mzima hubeba uamuzi wake. Nakubaliana nao kuhusu saini. Mkataba aliusoma na masharti aliyaelewa, na sikupendekeza chama kimlipe hasara yake. Lakini foleni ni mali ya chama, si ya mwenyekiti wala ya wenye Boxer. Mwanachama aliyelipa kiingilio amenunua zamu. Kumnyima zamu kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye tangi ni kumwuzia kitu na kutompa, kisha kumwambia kwamba atakipata akinunua kingine dukani. Hapo ndipo wajibu wa chama unapoanzia, na nimeuandika hivyo katika maoni yangu bila kuulainisha.

Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema na ambaye wengi pale wamefundishwa kazi naye, aliniambia jambo ambalo nililichukulia kwa uzito. Katika ujana wake alibeba abiria kwa baiskeli, kazi iliyoanzia Busia kwa kuwavusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, na anakumbuka jinsi mwenye Raleigh ya Uingereza alivyotembea kifua mbele huku mwenye Phoenix ya Shanghai akijificha nyuma ya kundi. Yeye mwenyewe alikuwa na Phoenix. Nilimwuliza ilikuwaje basi akaiendeleza desturi iliyomwumiza. Alisema kwamba serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 na vijana wakamiminika kwenye kazi hii, steji zilianza kugombania wateja, na steji yenye pikipiki za jina ndiyo iliyoaminiwa na wafanyabiashara. Naamini ndivyo ilivyokuwa wakati huo. Kipimo kilichofaa kuijenga sifa ya steji changa kiligeuka kikawa kipimo cha kumpimia kila mtu, na hakuna aliyekaa chini kuuliza kama bado kinafanya kazi yake ya kwanza.

Nilipendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba foleni ifuate muda wa kufika, na pikipiki ikataliwe kwa hali yake tu: breki, matairi, taa, bima na helmeti, zikikaguliwa na fundi mara moja kwa mwezi kwa kila mwanachama bila kujali chapa. La pili ni kwamba dhamana ya mfuko wa dharura ipimwe kwa vitu viwili ambavyo havina ubishi, yaani jina lililo kwenye logbuku na bei ambayo fundi na mnunuzi mmoja wa Kibuye wanakubali kuilipa siku hiyo, iwe 150,000 au 30,000. Pikipiki inayouzika kwa 30,000 inatosha kabisa kudhamini mkopo wa 10,000.

Pendekezo la kwanza lilikubaliwa mkutanoni siku ileile, kwa kura nyingi, na mzee wa Honda ndiye aliyelisimamia. Kijana sasa anaendesha pikipiki ya mwenzake na kumpelekea shilingi 350 kila jioni, naye anapata zamu yake kulingana na anavyofika. Pendekezo la pili liliahirishwa hadi kila mwanachama alete logbuku ili mweka hazina aziandike daftarini. Ninapoandika haya zimeletwa logbuku 9 kati ya 26 zinazotarajiwa. Wawili wenye pikipiki za Kichina wameleta zao, mzee wa Honda ameleta yake, wenye TVS wameleta 2 kati ya 6, na wenye Boxer, ambao ni 17, wameleta 4. Wengi wa waliobaki wamemweleza mweka hazina kwamba zao bado ziko kwa mkopeshaji.